Samaki wa kukaanga jioni, sukari juu usiku wa manane: mafuta yanahusika vipi?

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Ndugu na dada zangu, hamjambo. Nina umri wa miaka 61, nimeishi na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 8, na dawa ninayotumia ni metformini pekee, miligramu 1,000 asubuhi na kiasi kama hicho jioni. Tangu siku ya kwanza kliniki nimefundishwa kuogopa sukari, soda, mkate mweupe na ugali uliopita kiasi. Kuhusu mafuta nilionywa kwa ajili ya moyo na shinikizo la damu, wala sikumbuki mtu yeyote kuniambia kwamba yanaweza kugusa sukari yenyewe. Sasa daftari langu linanionyesha jambo ambalo sijaweza kulieleza.

Jumanne wiki iliyopita nilipitia mtaa wa Obunga hapa Kisumu nikanunua mgongo wazi. Kwa wasioujua, ni kile kiunzi cha samaki mbuta (sangara) kinachobaki baada ya viwanda kuchukua minofu, uti wa mgongo ukiwa bado na nyama iliyouganda, ambacho akina mama wa pale hukitumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka mpaka mifupa midogo inatafunika. Gazeti nililofungiwa lilikuwa limelowa mafuta kiasi kwamba niliweza kusoma maandishi ya upande wa pili. Nilikula saa 1 jioni pamoja na ugali, ambao mimi huupima kwa bakuli moja la plastiki ili usizidi, na sukuma wiki. Kabla ya kula sukari ilikuwa 7.4 (milimoli kwa lita, kama namba zote nitakazotaja). Saa 3 usiku, yaani baada ya saa mbili kama tunavyoagizwa, ilikuwa 8.3, nikafurahi sana. Nilipoamka saa 6 usiku kwenda haja nikapima kwa udadisi tu, nikakuta 11.8, na alfajiri ilikuwa bado 10.1.

Alhamisi nikala mbuta wa kuchemsha kwa nyanya na kitunguu, ugali wa bakuli lile lile, sukuma wiki ile ile, saa ile ile. Kabla ya kula 7.1, baada ya saa mbili 10.4, saa 6 usiku 8.6, alfajiri 7.3.

Nilidhani stripu za kupimia sukari zimeharibika, nikarudia majaribio yote mawili wiki hii, na picha ikawa ileile ingawa namba zilitofautiana kidogo. Swali langu ni hili: ikiwa mafuta hayana sukari ndani yake, 11.8 ya saa 6 usiku ilitoka wapi? Na kwa nini chakula cha mafuta kilionekana kizuri zaidi saa 3, kisha kikanigeuka nilipokuwa nimelala?

Muuguzi wa Kliniki, Kakamega

Mwalimu, pokea salamu. Kwanza nikupongeze kwa lile bakuli. Wagonjwa wengi hutuletea namba za siku ambazo kila kitu kilibadilika, chakula, saa na hata dawa, tukashindwa kujua cha kulaumu, lakini wewe umebadilisha jambo moja ukaacha mengine yalivyo.

Ni kweli kwamba mafuta hayana sukari. Sehemu ndogo ya mafuta, iitwayo gliseroli, inaweza kugeuzwa na ini kuwa glukosi, yaani sukari ya damu, lakini kiasi chake ni kidogo mno kueleza 11.8. Sukari uliyoiona usiku ilikuwa ya ugali wako mwenyewe, pamoja na ile ambayo ini lako lilikuwa likiitoa. Mafuta yalibadilisha wakati wa kufika kwake na uwezo wa mwili wako wa kuipokea.

Tuanze na wakati. Wanga haufyonzwi tumboni, unafyonzwa katika utumbo mwembamba, na kati ya mfuko wa tumbo na utumbo huo pana msuli unaofunguka na kufunga kama mlango. Mafuta yanapofika upande wa pili wa mlango huo, kuta za utumbo hutoa homoni, mojawapo ikiitwa kolesistokinini, ambazo huuambia mfuko wa tumbo upunguze mwendo kwa sababu mafuta huchukua muda mrefu kusagwa. Chakula chote kilichochanganyika na mafuta husubiri pamoja nayo. Kwa hiyo ulipopima saa 3 usiku, sehemu kubwa ya ugali ilikuwa bado haijashuka, na ile 8.3 iliyokufurahisha ilikuwa namba ya mlo ambao mwili ulikuwa haujaupokea wote. Samaki wa kuchemsha hakuuzuia ugali kiasi hicho. Sukari ikapanda mapema, ukaiona, kisha ikashuka ungali macho.

Kama jambo lingekuwa kuchelewa tu, sukari ingepanda polepole, isifike juu sana, kisha ishuke. Kwako haikushuka vya kutosha hata alfajiri, na hapo ndipo sehemu ya pili inapoingia. Baada ya mlo wa mafuta mengi, asidi za mafuta huongezeka katika damu kwa saa nyingi. Mwaka 1963 mwanasayansi wa Uingereza, Philip Randle, pamoja na wenzake walieleza kwamba msuli unaopewa asidi za mafuta kwa wingi huchoma hizo na kuiacha glukosi. Tangu wakati huo imefahamika pia kwamba asidi hizo hudhoofisha ujumbe wenyewe wa insulini, ile homoni inayoshusha sukari, ndani ya msuli na ndani ya ini. Ini ndilo ghala la sukari yetu ya usiku. Insulini huliambia lifunge mlango; likiwa limezungukwa na mafuta husikia ujumbe huo nusunusu na kuendelea kutoa sukari wakati ambapo ugali uliochelewa nao unaingia.

Kuna uchunguzi mmoja uliofanyika Boston, Marekani, ukachapishwa mwaka 2013 na Howard Wolpert na wenzake, ambao unafanana na daftari lako kuliko ninavyoweza kusema. Watu 7 wenye kisukari cha aina ya kwanza walipewa milo miwili ya jioni kwa siku tofauti, wanga ukiwa sawa na protini ikiwa sawa, isipokuwa mlo mmoja ulikuwa na gramu 10 za mafuta na mwingine gramu 60. Mashine ndiyo iliyokuwa ikiwapa insulini kulingana na sukari yao kwa saa 18. Mlo wa mafuta mengi ulihitaji insulini wastani wa yuniti 12.6, ule mwingine yuniti 9.0, na hata baada ya nyongeza hiyo sukari ilibaki juu zaidi. Watu wenyewe walitofautiana sana. Wengine walihitaji nyongeza kubwa, wengine karibu hawakuhitaji. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni takriban gramu 14, kwa hiyo gramu 60 ni vijiko 4 na kidogo. Karai la Obunga, pamoja na mafuta uliyokaangia sukuma wiki nyumbani, huenda yakakufikisha huko bila wewe kuhisi.

Kwa sasa usibadilishe dozi yoyote kwa sababu ya namba hizi. Unapokula cha kukaanga, hamisha kipimo kimoja kutoka saa ya pili hadi saa ya tano, uandike, na uende na daftari kliniki.

Mama Wawili, Nakuru

Nimesoma maelezo ya Muuguzi mara mbili, kwa sababu jambo hili tumelipitia hapa nyumbani kwa njia ngumu zaidi. Binti yangu ana miaka 14 na ana kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa na miaka 7. Hudunga insulini ya muda mrefu usiku, na ile ya haraka kabla ya kila mlo. Nakuru ni mji wa viazi, na kumzuia mtoto wa Nakuru asile chipsi ni kumtenga na wenzake, kwa hiyo tuliamua kwamba Ijumaa moja kwa mwezi atakula.

Mara ya kwanza tulihesabu wanga wa viazi vizuri kabisa, akadunga kipimo chake, akala. Saa moja na nusu baadaye alikuwa anatetemeka, na mashine ilisoma 3.6. Sikuelewa, kwa kuwa sahani nzima ilikuwa tumboni mwake. Tulimpa juisi akapata nafuu, tukalala. Saa 8 usiku alikuwa 16.2 na kiu isiyoisha. Leo ndiyo naona sababu: insulini ya haraka ilifika ikakuta chakula bado hakijashuka, ikaishusha sukari iliyokuwapo, na chakula kiliposhuka insulini ilikuwa imekwisha kazi. Daktari wake baadaye alitupangia kuigawa dozi ya siku za chipsi, sehemu kabla ya kula na sehemu baadaye. Siandiki vipimo hapa, kwa kuwa ni vya mtoto mmoja na viliwekwa kwa kumwangalia yeye.

Niongeze jambo ambalo si swali la Mwalimu lakini liko jirani nalo. Katika shule aliyokuwa akisoma zamani, sukari yake ilishuka hadi 3.2 wakati wa michezo. Mtu mzima aliyekuwa zamu, kwa nia njema kabisa, akampa mandazi mawili kwa kuwa ni chakula cha ngano na kina sukari. Dakika 20 baadaye alikuwa 3.4, jasho linamtiririka, na mandazi yamekwisha. Mandazi yamezama mafutani, na sukari yake inashikiliwa na mafuta yale yale yaliyoushikilia ugali wa Mwalimu. Vivyo hivyo chokoleti. Mtoto ambaye sukari yake imeshuka hupewa kitu kisicho na mafuta kabisa, na sisi hutumia vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, tunangoja dakika 15, tunapima tena. Mandazi yanaweza kufuata baadaye, sukari ikisha kupanda. Tangu siku hiyo sukari hukaa katika mfuko wa begi lake, imefungwa kwa karatasi, na dada yake mdogo huiiba.

Mfugaji, Eldoret

Niruhusiwe kutofautiana kidogo, kwa heshima. Mimi nina kisukari cha aina ya pili. Mwaka jana niliacha ugali, chapati na viazi kabisa, nikabaki na nyama, mayai, maziwa lala yasiyotiwa sukari, mboga za kienyeji na parachichi, na kila mlo wangu una mafuta zaidi ya ule wa Mwalimu. Sukari yangu ya asubuhi ilikuwa 13, sasa ni 7, na suruali zangu zote zimenipwaya. Kama mafuta ndiyo yanayopandisha sukari, mbona yangu imeshuka? Naogopa watu watasoma hapa wakatupa parachichi na kurudi kwenye uji, jambo ambalo naona litawaumiza zaidi.

Muuguzi wa Kliniki, Kakamega

Bwana Mfugaji, hatutofautiani kama unavyodhani. Ulichokifanya ni kuuondoa wanga. Mafuta hayana cha kuchelewesha ikiwa hakuna ugali nyuma yake, na mtu aliyepungua uzito kama wewe amepunguza pia mafuta yaliyokuwa yamelijaa ini, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote. Tatizo la Mwalimu ni mchanganyiko, yaani wanga mwingi na mafuta mengi katika sahani moja, na huo ndio mlo wa kawaida wa nyumba zetu: chapati, chipsi, mandazi, wali wa kukaanga, kaimati. Njia yako imewafaa watu wengi, lakini nataka yeyote atakayeifuata aende kwanza kwa daktari, hasa akiwa anatumia insulini au vidonge vya glibenklamidi, vinavyolisukuma kongosho litoe insulini. Dawa hizo hufanya kazi yake ugali uwepo au usiwepo, nami nimewapokea kliniki wazee walioacha ugali ghafla bila kupunguziwa dawa, wakaletwa hawajitambui. Wanaotumia dapagliflozini, dawa inayoitoa sukari kwa njia ya mkojo, nao wana hatari yao katika ulaji wa namna hiyo, kwa kuwa damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari haiko juu sana.

Kuhusu parachichi uko sahihi, na ni vizuri umelitaja. Katika gramu 100 za parachichi mna mafuta takriban gramu 15, lakini mengi yake ni ya aina isiyoganda, na mna nyuzinyuzi karibu gramu 7 na sukari kidogo sana. Aina ya mafuta ina maana. Watafiti wa Uppsala, Uswidi, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo huwa nalisimulia kwa akina mama kliniki kwa sababu linahusu keki. Vijana 39 wenye afya na uzito wa kawaida walilishwa keki ndogo kila siku kwa wiki 7, juu ya chakula chao cha siku zote, ili wanenepe kidogo. Nusu yao walipewa keki zilizotengenezwa kwa mawese, nusu kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongeza uzito sawasawa. Lakini walipopimwa, wale wa mawese walikuwa wameongeza mafuta mengi zaidi ndani ya ini, wakati wale wa alizeti walikuwa wameongeza misuli zaidi.

Sasa geuza mkebe wa mafuta ulio jikoni kwako usome kilichoandikwa. Mafuta mengi ya kupikia tunayouziwa Kenya, yanayoganda na hata yale ya maji, yana asili ya mawese. Sisemi ni sumu. Nasemea kiasi, na kurudiwarudiwa kwake. Ini lililojaa mafuta ndilo lisilosikia insulini usiku, hata siku ambayo hukula cha kukaanga. Kwa upande wa pili, katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwishoni mwa 2017, watu wenye kisukari cha aina ya pili waliwekwa kwenye mlo wa kalori kama 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, chini ya uangalizi, na baada ya mwaka mmoja 46 kati ya kila 100 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Wote walikuwa wamegunduliwa na ugonjwa ndani ya miaka 6 iliyotangulia, kwa hiyo Mwalimu, mwenye miaka 8 ya ugonjwa, asijipimie moja kwa moja kwa kipimo hicho, ingawa kupunguza mafuta ya ini humfaa mtu wa umri wowote.

Jikoni nawaomba mpime mafuta kwa kijiko. Mtu anayemimina kutoka kwenye chupa hajui alichotia, na kijiko kikubwa kimoja kinatosha sufuria ya mboga ya watu wanne.

Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Nawashukuru nyote, na Mama Wawili nampa pole na hongera kwa pamoja. Nimeugeuza mkebe wa mafuta wa nyumbani. Mama watoto amesoma maandishi yake kwa miwani, akaniambia kwamba wa kulaumiwa si mkebe bali ni mzee anayepitia Obunga akitoka mjini, na sikuwa na jibu.

Hata hivyo nilirudi kwa yule mama jana, kwa ajili ya elimu. Safari hii nilikula saa 7 mchana, mgongo wazi wa ukubwa ule ule, ugali wa bakuli langu, kisha nikatembea dakika 40 kwa mwendo wa kawaida. Kabla ya kula nilikuwa 6.9, baada ya saa mbili 7.8, baada ya saa tano 9.3. Usiku nikala maharagwe ya kuchemsha na mboga, bila ugali, na alfajiri nikaamka na 7.0. Nilifurahi, halafu nikakumbuka nilivyokuwa nikiwasahihisha wanafunzi wa sayansi: nimebadilisha saa ya kula, nimeongeza matembezi, na chakula cha usiku nacho si kile. Sijui ni lipi lililonisaidia. Muuguzi ana haki ya kuniondolea alama.

Stripu zilizobaki ni 9, na mkebe mpya wa stripu ni wa mwisho wa mwezi.

Muuguzi wa Kliniki, Kakamega

Nimekuondolea alama 2, Mwalimu, moja ya matembezi na moja ya maharagwe. Ya saa nimekusamehe. Matembezi yana nguvu kwa sababu msuli unaofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa dhaifu, nami nayashuku kuwa yamekusaidia kuliko saa ya kula, lakini kushuku si kupima. Stripu 9 zinatosha. Rudia mlo wa mchana bila kutembea, tumia 3 tu: kabla ya kula, saa ya pili, na saa ya tano, yaani saa 12 jioni, kabla hujaweka kitu kingine chochote kinywani. Zile 6 zihifadhi kwa ajili ya siku utakayojisikia vibaya.